Visanduku vya Waya vya Mourine

Mtaa wa Maringo,
Nairobi.
24 Novemba 1996

Mpendwa ndugu yangu Shiundu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Maringo. Habari za Gaborone? Kile kifua ulichosema kinakusumbua kwa vumbi la huko kimetulia? Na wanafunzi wako wanakusikiliza, au bado wanakucheka Kiingereza chako cha Kimaragoli? Tunakuombea kila Jumatano, hata kama huandiki.

Sisi hatujambo. Baba Mourine bado yuko karakana ya reli. Mgongo humuuma akiinama, lakini hajakosa kazi hata siku moja. Mvua imenyesha vizuri, vizuri kupita kiasi kwa sisi tunaouza mitumba Gikomba. Nauzia mapazia yangu juu ya matope, na mteja akiangusha moja tunagombana. Mama aliniletea salamu kutoka nyumbani kwa mkono wa jirani. Amevuna maharagwe na anasema meno yamebaki matatu.

Sasa nije kwa jambo linalonifanya niandike. Najua Makokha ameshakuandikia. Aliniambia mwenyewe, mbele ya watu, kwamba atakujulisha mambo ambayo mpwa wako anafanya na kompyuta uliyomshauri asomee. Makokha ni mtoto wa baba yetu mdogo na ni mzee wa kanisa, kwa hiyo huenda umemwamini. Nakuomba usome na haya yangu kabla ya kumjibu. Sijipendelei humu. Mambo yaliharibika kwa mdomo wangu kabla hayajaharibika kwa mikono ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Mourine alikuwa kazini kwa Fowsiya, yule mama mwenye ofisi ya kupiga chapa mkabala na mahakama ya Makadara. Kutwa anawachapia watu hati za kiapo. Nilikuwa nageuza godoro lake lipigwe na jua, nikakuta chini yake karatasi nyingi, zile ndefu zenye matundu pembeni, zimekunjwa kama kitambaa.

Shiundu, kwenye kila karatasi kulikuwa na sanduku ndani ya sanduku. Kona za la ndani zimefungwa kwa mistari kwenye kona za la nje. Nilihesabu kona kumi na sita. Mistari thelathini na miwili. Kwenye karatasi inayofuata, lile la ndani limesogea kidogo upande. Inayofuata, limesogea zaidi na kuvimba. Mbele zaidi sikujua tena lipi la ndani, lipi la nje. Na chini ya kila moja ameandika herufi mbili, XW, na nambari: kumi na tano, thelathini, arobaini na tano.

Unajua Nairobi ilivyo siku hizi. Kila mtu anasimulia habari za waabudu shetani. Nyoka kwenye pete, alama kwenye kitambaa, wasichana wanaochukuliwa vyuoni na kurudi na macho mengine. Kanisani tumehubiriwa mara tatu mwaka huu tuchunguze vitu ambavyo watoto wetu wanaleta nyumbani. Nami nimeshika karatasi zenye herufi nisizozijua, zimefichwa chini ya godoro la mwanangu. Ningefikiri nini?

Ningemuuliza. Hilo najua leo. Badala yake nilizirudisha nilivyozikuta, nikaanza kumchunga.

Na ukianza kumchunga mtu, kila kitu chake kinakuwa kibaya. Alikuwa akimaliza kula anafumba macho, anainua mikono hewani, anaigeuza polepole kama mtu anayekagua papai ambalo halipo. Nilimuuliza mara moja tu.

"Unafanya nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nazungusha."

"Unazungusha nini?"

"Hata nikikuambia."

Nikatoa vyombo. Lakini lile neno, hata nikikuambia, lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Nikaanza kunusa nguo zake. Nikaangalia shingoni kama amevaa uzi. Jumamosi moja alirudi na mikwaruzo vidoleni na harufu ya chuma, akasema ni printa ya ofisini. Printa gani inayokwaruza?

Nikaenda kwa Fowsiya nikijifanya nataka kuchapiwa barua. Fowsiya hana maneno mengi. Aliniambia Mourine hutoka saa kumi kamili Jumatano na Jumamosi. Basi, ndugu yangu, nyumbani siku hizo hufika saa kumi na mbili na nusu, na kutoka Makadara hadi Maringo ni mwendo mfupi wa kutembea. Saa mbili na nusu zilikuwa zinaenda wapi?

Jumamosi iliyofuata nilimwachia jirani meza yangu ya mapazia nikamfuata alipotoka kazini. Nilijifunika leso hadi kwenye nyusi. Alipita Gikomba yote, akapita mafundi wa vitanda, akasimama kwa fundi wa waya, yule anayetengeneza vikapu vya mayai. Fundi akamtolea kitu kutoka chini ya meza. Lilikuwa lile sanduku la kwenye karatasi, Shiundu. Si mchoro tena. La waya, kubwa kama kichwa cha mtu, sanduku ndani ya sanduku, na kwenye kona moja limefungwa uzi mwekundu.

Akalifunga kwa gazeti, akaingia mtaa wa Majengo, akabisha kwenye chumba chenye mlango wa kijani. Mwanamume akafungua. Mtu wa miaka hamsini hivi, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Nilisimama chini ya dirisha lake. Kupitia ufa wa pazia niliona masanduku kama lile yamening'inizwa kwenye kamba, moja baada ya lingine, matano au sita. Yule mtu alikuwa anayapapasa kwa vidole vyote kumi, midomo inacheza.

Kisha nikasikia sauti yake. "Sasa cha ndani kinatoka. Unaona? Kinatoka bila kupita mlangoni. Bila kuvunja ukuta."

Na mwanangu akajibu, kwa furaha ambayo sijaisikia nyumbani kwangu tangu amalize shule, "Ndiyo, Mwalimu. Na hakuna kilichokatika."

Sikubisha. Sikuita jina lake. Nilienda moja kwa moja kwa Makokha, nikamwambia yote niliyoona, na, nakiri kwa aibu, nilimwambia na machache ambayo sikuyaona. Nilisema kulikuwa na damu kwenye waya. Ilikuwa kutu.

Makokha aliniahidi kwamba wazee watakwenda kuuliza kwa upole. Jumapili ya tarehe kumi na tatu Oktoba, baada ya ibada, walikwenda watatu. Mourine alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona rafiki, nami nilijua ni rafiki yupi. Nikawafuata wazee kwa nyuma.

Nadhani kweli walitaka kuuliza. Lakini Makokha alipoingia na kuona vile vitu vikining'inia, alivishika akavitoa nje ili wenzake wavione kwenye mwanga, huku akikemea kwa sauti ile ya mimbarani. Majengo Jumapili mchana imejaa watu wasio na kazi. Kabla hajamaliza kukemea walikuwa ishirini. Kabla sijafika mlangoni walikuwa mia.

"Ni devil worship!"

"Huyo ndiye anachukua watoto!"

Wakamtoa yule mtu kwa kola ya shati. Miwani ikaanguka, ndipo nikaona macho yake, meupe, hayaangalii popote. Alikuwa kipofu, Shiundu. Alinyoosha mikono mbele akawa anauliza, "Ni nani? Ni nani?" na hakuna aliyemjibu. Mourine alikuwa amemkumbatia kiunoni na watu wanamvuta nguo. Vile visanduku walikuwa wanavikanyaga. Makokha alikuwa amebanwa ukutani, anasema, "Jamani, tulikuja kuuliza tu," na sauti yake hata mimi sikuisikia vizuri.

Kisha mtu mmoja akasema, kwa utulivu kabisa, kama anayeagiza chai, "Leteni mafuta ya taa."

Sijui kilichonipandisha juu ya mkokoteni uliokuwa umeegeshwa karibu na mlango. Nina miaka hamsini na mbili na magoti yangu unayajua. Nilipanda nikapiga kelele kama ninavyopiga asubuhi robota la mapazia likifunguliwa.

"Mnavunja vizimba vyangu vya kuku! Wajinga nyinyi! Nani aliwaambia mkanyage vizimba vyangu?"

Wakageuka. Wengi pale wananijua, huniita Mama Mapazia. Kijana mmoja akainua kisanduku kilichopondeka. "Kuku gani analala kwenye kitu kama hiki?"

"Kuku wa kizungu! Vifaranga ndani, mama yao nje, asiwakanyage! Huyu mzee kipofu ananisukia waya, na huyo ni binti yangu, nilimtuma kuchukua mzigo. Mnataka kumchoma fundi wangu? Haya, chomeni, halafu mnisukie nyinyi!"

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Mwanamke mmoja akasema hata yeye angetaka kimoja, kuku wake anakanyaga vifaranga kila mara. Nawaambia watoto wangu siku zote kwamba uongo ni dhambi, lakini siku ile uongo wa kuku ndio uliotembea kati ya wale watu ukawapunguza mmoja mmoja, hadi tukabaki sisi, wazee watatu na waya zilizopindika.

Yule mtu alikuwa ametoka damu mkononi, damu ya kweli. Nilimwosha kwa maji ya mtungi wake. Hakuniuliza mimi ni nani. Alimuuliza Mourine, "Vimebaki vingapi?"

"Viwili, Mwalimu."

"Vipi?"

"Cha kwanza na cha mwisho."

Akatikisa kichwa. "Basi safari yote imepotea katikati."

Nilimwomba Mourine msamaha palepale. Hakuniangalia. Akaniuliza jambo moja tu: "Nani aliwaonyesha wazee nyumba hii?" Nikamwambia ni mimi. Jioni ile hakurudi nyumbani. Fowsiya alimpa kitanda kwake, na kazini akamwacha aendelee kama kawaida.

Sasa utauliza, yule mtu ni nani? Anaitwa Maingi. Anasema alifundisha hesabu shule ya sekondari huko Ukambani miaka kumi na minane, mpaka presha ya macho ikampofusha kabisa mwaka wa tisini na moja. Nimesema anasema, maana wiki ileile nilimtafuta mwanamke mmoja wa Gikomba anayetoka upande huo, nikamwambia aulizie. Akaleta jibu kwamba ni kweli, na kwamba wanafunzi walilia alipoondoka. Hata hivyo nikamtuma tena kuuliza kwa nini hana mke hapa. Mke yuko shambani, na huja kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa Oktoba nikaenda kuhakikisha. Yupo. Alinikaribisha uji.

Kuhusu vile visanduku, nitakuandikia nilivyoelewa, wewe mwalimu utarekebisha. Nilimuuliza uso kwa uso: kipofu anataka michoro ya kazi gani? Alinitoa uani kwenye jua, akashika kisanduku cha kawaida cha waya, kile cha pande sita kama cha sabuni, akaniuliza naona nini ardhini. Nikamwambia naona kivuli, mistari, miraba miwili iliyopandana. Akasema, kivuli hicho ni bapa kama karatasi, lakini kilichokitupa si bapa, sivyo? Nikakubali. Akasema basi vile visanduku vya Mourine navyo ni vivuli, ila vivuli vyenye kina. Vimetupwa na kitu chenye upande mmoja zaidi ya urefu, upana na kimo.

"Na kitu chenyewe kiko wapi?" nikauliza.

"Hakiko mahali, Mama Mourine. Hakiwezi kuingia dunia hii. Kiko kwenye hesabu."

Jibu hilo halikunipendeza na bado halinipendezi. Kitu kisichoweza kuingia dunia hii ndicho hasa tulichokuwa tunakiogopa! Nikamwambia hivyo. Akacheka sana, akasema miaka yote alipokuwa na macho alishindwa kukiwaza kitu hicho, kwa sababu macho yalikuwa yanamletea kila mara vitu alivyovizoea. Alipopofuka akaanza kuhisi kwamba labda vidole vitaweza. Lakini hesabu zake ni nyingi, kona kumi na sita kila moja na nambari zake, na ukikizungusha kidogo tu nambari zinabadilika. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mourine alijifunza mwenyewe kuandika maagizo yake, kwenye mashine ya Fowsiya wakati hakuna wateja. Kompyuta inazungusha, inamchorea, inampa urefu wa kila waya. Fundi anapinda. Mwalimu anapapasa kimoja baada ya kingine, anafuata ule uzi mwekundu aone umehamia kona gani. Herufi zile mbili ni njia ya kuzungushia tu, kama kusema kushoto au kulia, na nambari ni kiasi cha kuzungusha. Cha kwanza na cha mwisho vinafanana kabisa, lakini kona si zilezile: cha ndani kimekuwa cha pembeni, na cha pembeni kimekuwa cha nje.

"Kompyuta haioni," aliniambia. "Mimi sioni. Mwenye macho hapa ni binti yako peke yake. Yeye akikosea, sisi sote tumepotea."

Nikamuuliza Mourine baadaye, kupitia kwa Fowsiya, kwa nini alificha. Jibu likarudi: kwa sababu ungefanya ulichofanya.

Kanisani mambo hayajaisha. Makokha anataka Mourine asimame mbele atubu. Hajasimama. Nilisimama mimi. Nilisema nilidanganya habari za damu na nilidanganya habari za kuku, na kwamba kama kuna toba itolewe na watu waliopeleka kundi mlangoni kwa kipofu. Nikawataja, nikianza na jina langu. Wameniondoa kwenye kamati ya akina mama. Baba Mourine, ambaye haongei, aliinuka akatoka nami, na tangu siku hiyo Jumapili tunasali nyumbani hadi watakapoamua.

Yeye pia ndiye aliyenyoosha zile waya. Alizibeba kwenye gunia hadi karakana, akafanya kazi saa za chakula, na fundi wa Gikomba akamalizia zilizokatika. Tulivipeleka visanduku vyote vitano vilivyokanyagwa Jumamosi iliyopita. Mourine alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha pembeni na karatasi zake, hanisemeshi. Mwalimu akaniambia nifumbe macho, akaniwekea cha nne mikononi. Nikapapasa. Shiundu, sikuhisi kitu isipokuwa waya. Nikageuza upande huu na huu, nimeanza kuona aibu.

"Kushoto, Mama," nikasikia. "Anza kwenye uzi."

Ndilo neno la kwanza aliloniambia kwa wiki tano. Nilianza kwenye uzi. Bado sikuona kitu, na nilisema wazi kwamba sikuona, maana nimechoka na uongo.

Na nikuambie ukweli, bado nina shaka. Bado nikipita Majengo nachungulia mlango ule wa kijani kama umefungwa au uko wazi. Tofauti ni kwamba sasa nabisha.

Jambo la mwisho. Walimu wa hesabu watakutana mjini Jumamosi ya tarehe saba Desemba, na Mwalimu Maingi ameombwa awaonyeshe ile kazi. Amekataa jina lake litangulie. Mourine ndiye atakayesimama, na kompyuta ya Fowsiya itabebwa hadi huko. Baba yake alialikwa mapema. Mimi nilipouliza kama naweza kwenda, Fowsiya aliniambia Mourine anafikiria.

Jana alipita nyumbani nikiwa sokoni. Nilikuta karatasi mezani, imechapwa vizuri: jengo, ghorofa ya pili, saa nne asubuhi. Chini yake ameongeza kwa kalamu, kwa mwandiko wake ule wa kuinama: "Mama, njoo mapema ukae mbele. Wakiuliza maswali mabaya, wewe unajua kupiga kelele."

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimjibu Makokha kwa hasira, wala usimjibu kwa kukubali. Mwandikie Mourine mwenyewe. Muulize chochote unachotaka, hata cha ujinga, ila muulize yeye.

Nisalimie mkeo Triza na mtoto. Mama anakusalimu, Baba Mourine anakusalimu, na jirani yetu Winny anauliza kama Botswana bado wanahitaji wauguzi. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya ya kifua na moyo mweupe kwa watu wako, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila ninapokunja pazia,

Asenath Luseno